Juma Lisikae Kichwani mwa Mama Peke Yake

"Mwanangu, vidonge vyangu vimebaki vitatu."

Maneno hayo aliniambia mama mkwe wangu Jumatatu moja asubuhi, mwezi Oktoba 2022, wakati nafunga kamba za viatu vyangu vya kazini. Nilimjibu, "Sawa Mama, nitakuja navyo jioni," nikatoka mbio. Kabla sijafika barabarani nilikuwa nimekwisha kusahau.

Mpendwa msomaji, mimi ni muuguzi mwenye stashahada, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Ninaishi na familia yangu Mkiwa, mkoani Singida, pale njia ya kwenda Itigi inapoachana na barabara kuu itokayo Dodoma. Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Singida au Mwanza umepita kwetu, huenda ukiwa umesinzia. Nina mume, watoto wanne, na mama mkwe ambaye tumeishi naye tangu baba mkwe alipofariki. Wakati huo kanisani nilikuwa katibu wa akina mama, mwalimu wa Shule ya Jumapili na mweka hazina wa kwaya. Watu walizoea kusema, "Mpe yeye, hashindwi." Nami nilipenda kusikia hivyo. Nakiri mbele yenu kwamba nilipenda sana.

Juma lile lilikuwa hivi. Mwenzangu mmoja wa kazini alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo zamu zake tuligawana wawili. Mwanangu wa pili alikuwa anafanya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Kanisani tulikuwa na semina ya akina mama, na wageni wawili walipangiwa kulala kwangu. Kilikuwa kiangazi kikali, upepo wetu wa Singida unapuliza vumbi mpaka ndani ya sufuria, na bomba la karibu lilikuwa limekauka. Maji yakawa ya kufuata mbali na kupanga foleni. Mambo hayo yote yalikuwa kichwani mwangu. Hayakuandikwa mahali popote, wala hakuna mtu mwingine aliyeyajua yote. Mume wangu alijua mambo ya alizeti yake na shamba. Watoto walijua ya shule. Mimi ndiye niliyejua kila kitu, na ndani ya hicho kila kitu vidonge vitatu vilipotea.

Dawa yenyewe ilikuwa kwenye kabati la kazini, hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Mama alikuwa na kadi yake ya kliniki ya shinikizo la damu na mimi ndiye niliyekuwa nikimchukulia dawa kila mwezi. Juma lile niliwapa wagonjwa wengine dawa hiyo hiyo, tena nikiwaonya wasikatize hata siku moja.

Kidonge cha mwisho alikimeza Jumatano. Jumanne iliyofuata, siku ya sita bila dawa, binti yangu mkubwa alimpelekea bibi yake uji akaona kikombe kinamponyoka. Alipomwita, bibi alijibu maneno yasiyoeleweka na mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo nilikuwa nyumbani nikijiandaa kwa zamu ya usiku. Nilipompima, shinikizo lilikuwa 200/115. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea kama kitambaa.

Niweke hapa neno la kiuuguzi kabla sijaendelea. Mtu akipinda mdomo ghafla, akilegea mkono au mguu wa upande mmoja, au maneno yakimshinda, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Usimpe chakula wala maji, kwa maana koo linaweza kushindwa kumeza na vitu vikaingia kwenye mapafu. Usimpe dawa ya kukisia. Mlaze kwa ubavu kama anatapika au fahamu zimepungua, tazama saa dalili zilipoanza, kisha mkimbize hospitali hata kama anaonekana kupata nafuu. Kuna wanaopoteza saa nyingi wakidhani ni upepo mbaya.

Tulipata gari la jirani tukaenda hospitali. Mama alilazwa siku kumi na moja. Hakufa. Siku ya nne ulimi ulipoanza kufunguka, nilimwuliza swali lililokuwa likinichoma.

"Mama, mbona hukunikumbusha?"

Alinitazama muda mrefu, halafu akasema polepole, "Nilikuona umechoka, mwanangu. Ulikuwa unalala na sare."

Sikuwa na la kujibu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya chumba cha kufulia, muuguzi mzima.

Siwezi kusema kwa uhakika kwamba siku sita zile pekee ndizo zilizoleta kiharusi. Mtu mwenye shinikizo la miaka mingi anaweza kukipata hata akiwa anameza dawa vizuri. Lakini ninajua kwamba dawa ikikatizwa shinikizo hupanda, na likipanda sana mshipa wa ubongo unaweza kuziba au kupasuka. Ninajua pia kwamba mwanamke mzee alikaa siku sita anaogopa kunisumbua mimi niliyekuwa nakaa naye nyumba moja. Hilo la pili ndilo lililonitesa zaidi.

Nilijifunza jambo pale wodini, katika kitu nilichokuwa nakifahamu miaka yote. Kila asubuhi muuguzi wa zamu ya usiku alipita kitanda kwa kitanda pamoja na mwenzake wa asubuhi, daftari mkononi. Huyu amepewa dawa, huyu bado. Huyu anasubiri majibu ya maabara. Huyu usimpe kitu kwa mdomo. Ndiyo makabidhiano. Mimi mwenyewe nimeyafanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hata uwe umechoka namna gani, huvui sare ukaenda zako bila kukabidhi zamu, maana linalobaki kichwani mwako linaweza kumwua mgonjwa ambaye umemwacha nyuma. Asubuhi moja nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha Mama nasikiliza makabidhiano hayo, nilihesabu kwamba nyumbani kwangu nimekuwa zamuni kwa miaka kumi na minane na sijawahi kukabidhi hata siku moja.

Mungu anisamehe, hata baada ya kuona hivyo nilianza vibaya. Tuliporudi nyumbani nilinunua karatasi ya manila na kalamu za rangi, nikachora jedwali la juma zima, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa nne usiku. Lilikuwa jedwali zuri kweli. Kufagia, uji, dawa ya Mama, kazi, maji, kuni, kwaya, hesabu za kikundi, kusahihisha madaftari, sala. Nililibandika ukutani na kusimama mbele yake nikiridhika. Mume wangu alilisoma lote, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo la serikali ya kijiji. Kisha akauliza, "Mbona mimi simo?"

Nilidhani ananitania. Nilipolitazama tena niliona ni kweli. Kila mstari ulikuwa wangu. Nilikuwa nimechukua mzigo uleule nikaupaka rangi.

Jedwali hilo liliishi siku mbili. Jumanne jirani yetu alifiwa. Ninyi mnajua msiba wa kijijini hauna ratiba: unachukua unga na kuni unakwenda, unapika, unalala huko. Nilirudi Alhamisi nikakuta saa zangu zote za rangi zimenipita, na kila nilipotazama ukuta nilijiona mkosaji. Nikaling'oa. Upande wa pili watoto walifunikia madaftari.

Tunachofanya sasa tunakiita kwa jina lile lile la wodini, makabidhiano. Tunakifanya Jumamosi baada ya chakula cha jioni, kabla vyombo havijaondolewa, kwa sababu wakishanyanyuka mkekani huwapati tena. Hakichukui muda mrefu kuliko chai kuchemka na kunywewa. Tunaulizana ni nini kilichobaki kutoka juma linalokwisha, ni nini kinakuja, nani atakishika, na nani wa pili wake. Hilo la mtu wa pili ndilo nililolitoa kazini moja kwa moja. Wa kwanza akiugua, akifiwa, au gari likimkwamisha Ikungi, kazi ina mtu. Mwanangu wa pili, ambaye hati yake ni nzuri kuliko ya daktari yeyote niliyewahi kumsoma, huandika nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani. Siku saba, majina mawili mawili. Saa hatuandiki kabisa, isipokuwa kama kuna basi la kuwahi.

Mwenyekiti wa kikao ni mama mkwe. Mkono wake wa kushoto haukurudi kuwa kama zamani. Jembe hashiki, na kuchambua mboga humchukua asubuhi nzima. Alikuwa ameanza kukaa kimya chini ya mti, na mimi muuguzi niliogopa kimya kile kuliko mkono. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mama, wewe ndiwe utakayetuuliza." Hajui kusoma lakini hasahau. Asubuhi, kabla sijafunga hivyo viatu vyangu, nasikia sauti kutoka chini ya mti: "Leo Jumanne. Maji ya nani?" Na mwenye maji anajulikana.

Mezani kwetu vidonge ndivyo huhesabiwa kwanza. Akina mama wengi wanaotunza wazee wananiambia kwamba dawa "huisha mwisho wa mwezi." Hiyo ni hesabu ya hatari. Vidonge thelathini ni majuma manne na siku mbili. Kwa hiyo kama mwezi huu vimekwisha Jumatatu, mara ijayo vitakwisha Jumatano, halafu Ijumaa, halafu Jumapili wakati kituo kimefungwa. Siku ya kwisha inahama, na mama mwenye mambo mengi hawezi kuifukuzia kwa kichwa. Sisi tunahesabu kwa juma. Kila Jumamosi binti yangu hukata ule ukanda wa dawa kwa mkasi, vidonge saba vinabaki kila kimoja ndani ya ganda lake, na vinaingia kwenye kikopo chenye kifuniko, mahali ambapo watoto hawafiki na jua halipigi. Vilivyobaki vinahesabiwa mbele ya wote. Vikiwa chini ya kumi na vinne, jina la mtu wa kuvifuata linaandikwa juma lile lile, pamoja na la mtu wa pili. Mama hamnong'onezi mtu mmoja mwenye haraka tena. Anasema mbele ya watu sita.

Yeye mwenyewe huvihesabu kwa majina ya siku: mosi, pili, tatu, nne, tano, kisha Alhamisi na Ijumaa. Sikuwahi kulitafakari jambo hilo kabla sijamsikia. Kiswahili chetu kilianza kuhesabu juma baada ya Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya kwanza na Jumatano ni ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, neno lililotoka kwenye Kiarabu, ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa kuwa kwa hesabu yao siku ya kwanza ni Jumapili. Juma letu basi lina tano mbili. Mume wangu husema ndiyo sababu tumeiacha Alhamisi wazi, kwani imekwisha kuhesabiwa jana yake.

Kuiacha wazi ni kweli tunaiacha. Ndiyo siku yetu ya akiba. Msiba ukitokea Jumanne, mambo ya Jumanne yanahamia Alhamisi bila mtu kujilaumu. Yapo majuma ambayo Alhamisi imeliwa kabla hata Jumatatu haijaisha. Yapo mengine machache ambayo inafika ikiwa nzima, na hapo nalala mchana. Mwanzoni nilikuwa nikiamka na kujitetea kwa mtu yeyote anayepita. Sasa sijitetei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila juma, lakini sijaona sheria inayompa mama hata saa nne.

Ukitafuta jambo hili katika Maandiko, soma habari za mana, Kutoka sura ya 16. Siku ya sita watu waliokota mara mbili, wakaoka na kutokosa kabla, ili siku ya saba wakae. Pumziko lile lilitanguliwa na matayarisho. Nasi Jumamosi ni siku ya kuokota mara mbili: kufua sare, kuchambua maharage na mchele, kusaga uwele, kutwanga karanga za mlenda. Naongeza neno la tahadhari, kwa kuwa nimewatibu watu wa namna hii. Asiye na jokofu asipike Jumamosi chakula cha kula mpaka Jumanne kwa kusudi la kurahisisha juma. Tayarisha kikiwa kikavu, kipike siku yake.

Sura mbili mbele, katika Kutoka 18, Yethro anamkuta Musa ameketi akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, naye anamwonya kwamba atachoka yeye na watu wake pia. Nimesoma habari hiyo tangu Shule ya Jumapili. Ilinichukua mpaka mwaka ule kutambua Yethro alikuwa nani kwake. Alikuwa mkwe.

Mume wangu alipewa maji. Si rahisi kulieleza jambo hili bila kuonekana namwanika, lakini ameniruhusu. Tunaye punda na mkokoteni, na kwetu si ajabu mwanamume kubeba maji ya kuuza au ya kujengea. Maji ya jikoni ndiyo yaliyokuwa ya mke na binti. Juma la kwanza alikwenda saa kumi na moja alfajiri watu wasimwone. Juma la tatu alikwenda saa mbili. Sasa anajua foleni ya pampu kuliko mimi, na ndiye aliyeniambia kwamba Jumatatu na Jumamosi foleni ni ndefu kwa sababu ya watu wanaofua, tukahamishia zetu siku nyingine. Miaka kumi na minane nilikuwa nikimwambia "maji hakuna" bila kumwambia kwa nini.

Kanisani haikuwa rahisi. Katika makabidhiano ya pili binti yangu alisoma karatasi akasema, "Mama, jina lako lipo jioni tano." Tatu kati ya hizo zilikuwa za kanisa. Niliomba kwa majuma mawili, kisha nikaandika barua mbili fupi. Niliacha ukatibu na hazina ya kwaya, nikabaki na Shule ya Jumapili kwa sababu hiyo ndiyo ninayoifanya kwa furaha. Nilikabidhi daftari, mihuri, na fedha hadi shilingi ya mwisho mbele ya mashahidi. Wengine walinielewa. Wengine walisema kazi ya serikali imenipa kiburi, na yupo mama mmoja ambaye hadi leo salamu yake ni fupi. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo. Katibu mpya ni mama kijana aliyekuwa akikaa benchi la nyuma. Anaendesha vikao vifupi kuliko vyangu na watu wanarudi nyumbani mapema. Hilo nalo liliniuma kidogo, niseme ukweli.

Jioni moja niliyoipata nilimpa binti yangu mkubwa. Nilikuwa nimewahi kusoma habari za Susanna Wesley, mama yake John na Charles Wesley, aliyeishi Uingereza kati ya mwaka 1669 na 1742. Alizaa watoto kumi na tisa, na karibu nusu yao walifariki wangali wadogo. Katika nyumba iliyojaa watoto, fedha haitoshi na madeni yapo, alipanga kila mtoto awe na jioni yake ya kuzungumza naye peke yake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi, na alipokuwa mtu mzima aliikumbuka. Mimi sina jioni za kutosha watoto wote, wala sijaribu. Nilianza na mmoja, Jumatano, tukimenya karanga. Majuma matatu ya kwanza hakusema lolote isipokuwa mambo ya karanga. Juma la nne aliniambia kwamba siku ile kikombe kilipomponyoka bibi yake, yeye alikuwa amejua tangu Ijumaa kwamba dawa imekwisha. Bibi alimwomba asiniambie. Alikuwa amebeba jambo hilo miezi mitatu, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemletea bibi yake ugonjwa.

Nilimshika mikono ikiwa na maganda ya karanga. Nikamwambia aliyekosea ni mimi, na kwamba hata mimi nimeshaomba msamaha kwa Bibi na nimesamehewa. Tulilia wote wawili. Kama nisingekuwa na Jumatano ile sijui angelibeba mpaka lini.

Nimezungumza mambo haya katika vikundi vya akina mama, na swali linalokuja kwanza ni hili: "Mume wangu hawezi kukaa mkekani akapangiwa kazi." Silipuuzi. Wangu alikaa kwa sababu mama yake mzazi alikuwa karibu kufa. Mwaka mmoja kabla ya hapo nadhani angenicheka. Nisingeanza kwa kumpangia mtu kazi. Ningeanza kwa kumwambia yaliyopo. Makabidhiano ya wodini hayaanzi na amri, huanza na taarifa: hiki kipo, hiki kimebaki. Mama mmoja ninayemfahamu ana mume dereva wa malori, yuko njiani siku nyingi. Humsomea juma kwa simu Jumapili jioni, na yeye amechagua jambo moja tu, kupiga simu ya kukumbusha siku ya kliniki ya mtoto. Si haba, maana mtoto hajakosa chanjo. Mjane mmoja hukabidhiana na dada yake anayeishi nyumba ya tatu. Waliopo ndio wa kuanza nao, hata wakiwa watoto tupu.

Jambo la mwisho ni la kipimo. Juma lile Mama alipolazwa, muuguzi mwenzangu alinilazimisha nami nipimwe. Ilikuwa 152/96, na siku zilizofuata haikushuka sana. Sikuwa na kichwa kuuma wala kizunguzungu. Shinikizo la damu mara nyingi halimwambii mtu kitu. Tangu hapo nami nina kadi ya kliniki na kidonge changu, na sidai kwamba karatasi ya Jumamosi imeniponya. Ninalala vizuri zaidi, na sijalala tena na sare. Ewe dada uliyevuka miaka arobaini, kapimwe, hata kama unajisikia mzima.

Jumamosi iliyopita tulikaa kama kawaida. Vidonge vya Mama vilikuwa kumi na sita, vyangu kumi na kimoja, kwa hiyo jina liliandikwa upande wangu, na mtu wa pili ni mume wangu. Sare ya kitinda mimba imepasuka kiwiko. Kuna harusi ya kanisani, na safari hii nimeombwa kuleta sufuria mbili tu. Ijumaa ilikosa mtu wa pili wa maji: kaka yake ana michezo shuleni, dada yake yuko bweni, mimi nina zamu ya jioni. Tukanyamaza kidogo. Ndipo kitinda mimba akasema atakwenda yeye. Ndoo yake ni ya lita tano. Mama akauliza, "Mmemwandika?" Tumemwandika.